Aliyekataa Kuwa Musa: Bob Moses, Haki ya Kura na Haki ya Hesabu

Mhadhara uliotolewa Uchindile mbele ya walimu, wazazi, wanafunzi na wafanyakazi wa reli

 

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya kiongozi mmoja wa harakati za usawa za watu weusi, na juu ya alichotuachia. Najua wengi mlitarajia Martin Luther King, ambaye redio humkumbuka kila mwaka, au Malcolm X, aliyefika Dar es Salaam Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere. Wote wawili wanastahili. Mimi nimemchagua mtu ambaye wengi wenu hamjapata kusikia jina lake, ingawa aliishi nchini mwetu kwa miaka kadhaa, chaki mkononi, akifundisha Hisabati katika shule ya sekondari huko Same, mkoani Kilimanjaro. Anaitwa Robert Parris Moses. Kwao walimwita Bob. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 23 Januari 1935, akafariki Florida tarehe 25 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 86.

Wanaoandika habari zake huyakata maisha yake vipande viwili: kwanza kijana wa kupigania kura, kisha mtu mzima wa kufundisha aljebra, na katikati wanaweka mstari mmoja usemao kwamba aliishi Afrika. Kusudi langu leo ni kuwaonyesha kwamba vita yake ilikuwa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Alipigana na desturi ya kumnyima mtu elimu, halafu kumhukumu mtu huyohuyo kwa kuikosa. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na msitafute sababu. Nyingine zina nyama zaidi.

Hoja ya kwanza: mtihani unaweza kutumika kumnyima mtu uraia

Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, mwaka 1960 ilikuwa nchi ya pamba. Watu weusi wengi walilima mashamba ya wazungu kwa mapatano ya kugawana mavuno. Msimu ukiisha, mwenye shamba alifungua daftari, akatoa deni la mbegu, deni la mbolea, deni la unga na la nguo za watoto, kisha akamwambia mkulima kilichobaki. Mara nyingi hakikubaki kitu. Mkulima asiyejua hesabu hakuwa na la kubisha. Anayeijua, akithubutu kubisha, alihatarisha maisha yake. Lishikeni hilo daftari, nitalihitaji baadaye.

Kura nayo ilikuwa na daftari lake. Sheria ya jimbo ilimtaka anayejiandikisha asome kifungu cha katiba ya jimbo, akinakili, na aandike maana yake. Msahihishaji alikuwa karani wa uandikishaji, naye alikuwa mzungu. Katiba ile ilikuwa na vifungu zaidi ya 280, na karani ndiye aliyechagua. Mzungu angeweza kupewa kile kifupi kinachokataza mtu kufungwa kwa sababu ya deni. Mweusi, hata awe mwalimu mwenye shahada, angeweza kupewa kifungu kirefu cha mambo ya kodi ambacho karani mwenyewe asingeweza kukieleza, kisha akaambiwa ameshindwa, nenda nyumbani. Ndiyo maana hadi mwaka 1964 weusi walioandikishwa katika jimbo lile hawakufika 7 katika kila 100 waliotimiza umri.

Moses alifikaje huko? Alikuwa na shahada ya uzamili ya falsafa kutoka Harvard, akifundisha Hisabati katika shule ya Horace Mann huko New York. Mapema mwaka 1960 aliona gazetini picha za wanafunzi weusi wa Greensboro, Carolina Kaskazini, wameketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tu, hawanyanyuki. Zile nyuso zilimgusa. Kiangazi kilipofika alikwenda kusini kujitolea. Mama mmoja aitwaye Ella Baker, ambaye nitarudi kwake, akamtuma Mississippi kutafuta watu wa kushirikiana nao.

Katika mji mdogo uitwao Cleveland alimkuta Amzie Moore, mwanajeshi mstaafu wa Vita vya Pili vya Dunia. Moore alimsikiliza kijana wa Harvard, kisha akamweleza kwamba kaunta za chakula haziwasaidii watu wasio na fedha ya kununua hicho chakula. Wanachohitaji ni kura. Moses hakubishana na mzee. Alirudi New York akamaliza mkataba wake wa kufundisha, na mwaka 1961 akahamia Mississippi, katika mji wa McComb, akafungua darasa la kuwafundisha watu wazima namna ya kujaza fomu ya kujiandikisha. Yaani harakati yake ilianza darasani.

Mwezi Agosti mwaka huo alikuwa akiwasindikiza watu wawili kwenda mahakamani kujiandikisha. Binamu wa sherifu akamzuia njiani, akampiga kichwani kwa mpini wa kisu hadi shati likalowa damu. Akaendelea na safari yake. Baadaye alifanya jambo ambalo kwa wilaya ile lilikuwa wazimu: alimfungulia mashtaka mzungu yule. Baraza la wazee wa mahakama, wazungu watupu, likamwachia huru mshtakiwa.

Tarehe 25 Septemba 1961, mkulima Herbert Lee, baba wa watoto tisa, aliyekuwa akimzungusha Moses kwa gari lake kutafuta watu wa kujiandikisha, alipigwa risasi mchana kweupe. Aliyempiga alikuwa mbunge wa jimbo. Hakushtakiwa. Kwenye msiba, mjane alimwendea Moses na mwenzake akawaambia kwamba wao ndio waliomwua mumewe. Nimesoma maelezo ya tukio hilo zaidi ya mara moja, na sijaona mahali popote Moses anapojitetea.

Sasa sikilizeni hili, walimu hasa. Mwaka 1963, huko Greenwood, watu wa harakati walikamatwa kwa kuwapeleka watu kujiandikisha, na Moses akafika mbele ya jaji wa shirikisho. Jaji akamuuliza kwa nini anawaleta watu wasiojua kusoma wakaandikishwe kupiga kura. Ndilo swali ambalo hata leo mtu mwenye heshima zake anaweza kuliuliza akidhani ni la busara. Moses alijibu, kwa maana yake, kwamba nchi haiwezi kumnyima mtu shule kwa makusudi, kisha igeuke na kumwambia hana haki ya kura kwa kuwa hakusoma. Mimi naona maisha yake yote yaliyobaki yamo ndani ya jibu hilo.

Hoja ya pili: kiongozi si lazima asimame mbele

Hapa wanasiasa mliopo mtanisamehe. (Kicheko.)

Ella Baker alikuwa amefanya kazi na viongozi wakubwa wa wakati wake, akachoshwa na mtindo wa mtu mmoja kuhubiri na elfu moja kupiga makofi. Aprili 1960 aliwakusanya wanafunzi mjini Raleigh wakaunda kamati yao wenyewe, iliyojulikana kwa kifupi SNCC, na akawasihi wasikubali kuwa tawi la chombo cha wakubwa. Moses alikuwa mwanafunzi wake hasa. Alizungumza kwa sauti ndogo, na mikutanoni alipenda kuuliza kuliko kutangaza. Alikuwa akikaa nyuma ya ukumbi hadi mkulima aliyekuja na kofia mikononi azoee kusikia sauti yake mwenyewe.

Matunda yake ni watu kama Fannie Lou Hamer, mama aliyekuwa kibarua wa shamba la pamba. Alipokwenda kujiandikisha mwaka 1962 alifukuzwa shambani siku ileile. Miaka miwili baadaye mama huyo alitoa ushahidi mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Atlantic City, taifa zima likimtazama kwenye televisheni. Ujumbe wa chama kipya walichokiunda wanaharakati wa Mississippi ulidai nafasi za jimbo katika mkutano huo, ukapewa viti viwili tu vya hisani. Wakavikataa. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba walipaswa kuvichukua. Mimi siungi mkono rai hiyo. Waliotumwa na wakulima waliohatarisha roho zao hawawezi kurudi nyumbani na posho.

Atlantic City ilikuja baada ya kile kilichoitwa Kiangazi cha Uhuru cha mwaka 1964, ambacho Moses alikuwa mpangaji wake mkuu. Wanafunzi wapatao 1,000 wa vyuo, wengi wao wazungu wa kaskazini, waliingia Mississippi kuandikisha wapiga kura na kufundisha katika Shule za Uhuru, ambazo wazo lake lilitoka kwa kijana mwenzao Charles Cobb. Tarehe 21 Juni vijana watatu, James Chaney mweusi wa Mississippi pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner wazungu wa New York, walitoweka. Maiti zao zilipatikana Agosti, zimefukiwa chini ya boma la bwawa. Nchi ilitetemeka kwa sababu wawili kati yao walikuwa wazungu. Weusi wa Mississippi walikuwa wakiuawa siku zote na magazeti yakilala. Moses alilijua hilo tangu alipopanga mpango ule, na sidhani ulikuwa ujuzi mwepesi kuubeba.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1965, Rais Johnson alitia saini sheria ya haki ya kupiga kura iliyosimamisha ile mitihani ya kusoma. Kufikia 1967, karibu weusi 60 kati ya kila 100 wenye umri wa kura Mississippi walikuwa wameandikishwa. Lakini wakati huo Moses hakuwepo tena. Mwishoni mwa 1964 alijiuzulu uongozi, na mapema 1965 akaacha kulitumia jina la Moses, akajiita Robert Parris. Watu walikuwa wameanza kumtegemea kama Musa wa Biblia, wakingoja awavushe. Akaona kwamba wakimngoja yeye hawatavuka.

Hili ni gumu kulikubali. Kuna anayesema alitoroka kazi nusu. Nami nakiri alikuwa amechoka. Mtu aliyezika wenzake wengi kiasi kile akiwa hajafika miaka 30 hawezi kukosa kuchoka. Lakini kumbukeni alichokifuata baada ya hapo. Alipinga vita ya Vietnam, na mwaka 1966, akiwa na miaka 31, akapata barua ya kuitwa jeshini, ilhali kwa kawaida hawakuitwa waliovuka miaka 26. Mwenye macho aliona kisasi. Akavuka mpaka akaingia Kanada, akaishi Montreal akifanya kazi za kufagia majengo, kulinda usiku na kupika chakula cha ndege. Mtu wa Harvard. Huko alifunga ndoa na Janet Jemmott, aliyekuwa naye katika harakati, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wawili hao wakaja Tanzania.

Hoja ya tatu: miaka ya Same haikuwa likizo

Kwa nini Tanzania? Wazee waliopo hawahitaji maelezo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapa mkoani kwetu, mjini Morogoro, ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa mwezi Aprili 1969. Weusi wa Marekani walikuja kwa makundi, wengine kwa ziara, wengine wakahamia kabisa. Charles Cobb naye aliishi Dar es Salaam, na mwezi Juni 1974 Kongamano la Sita la Umoja wa Afrika lilifanyika pale Chuo Kikuu. Wengi wao walikaa mjini wakijadili mapinduzi. Moses alikwenda Same, chini ya milima ya Upare, akafundisha Hisabati; mkewe alifundisha Kiingereza. Watoto wao watatu kati ya wanne walizaliwa nchini, na majina kama Maisha na Tabasamu yamebaki katika ukoo huo hadi leo.

Miaka hiyohiyo, ndugu zangu wa reli, ndiyo miaka ilipojengwa hii reli. Ian Smith alijitangazia uhuru wa wazungu wachache Rhodesia Novemba 1965, Zambia, iliyotegemea njia ya huko kufika baharini, ikabanwa, na Tanzania, Zambia na China zikatia saini mapatano ya kujenga reli mjini Beijing Septemba 1967. Kazi ilizinduliwa 1970. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote ni hiki chetu, kutoka Mlimba kupanda Uchindile hadi Makambako, madaraja na mahandaki yakifuatana. Ilikabidhiwa Julai 1976, mwaka uleule Moses aliporudi kwao. Hakuna popote nilipoona kwamba alipata kupita hapa. Nayataja haya ili vijana muelewe kwamba mtu akitaka kupambana na ubaguzi miaka ile, kazi zilikuwa nyingi: wengine walishika bunduki, wengine sururu, yeye alishika chaki.

Na sasa fikirini macho aliyokuja nayo. Katoka mahali ambapo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura. Anafika nchi ambayo uchaguzi wa 1965 ulikuwa na picha ya jembe kwa mgombea mmoja na picha ya nyumba kwa mwingine, ili bibi asiyejua herufi hata moja achague mbunge wake. Wazee, mnakumbuka jembe na nyumba? (Sauti: Tunakumbuka!) Naam. Anakuta Mwalimu ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Anakuta kisomo chenye manufaa chini ya miembe, mama mwenye mtoto mgongoni akiandika jina lake, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikisikilizwa redioni kwa vikundi. Agosti 1975 taifa likafanya mtihani wa kusoma na kuandika kwa watu wazima. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili; baada ya mtihani ule ikatangazwa kwamba wamepungua hadi 39 kwa kila 100. Mtihani ule uliipima kazi ya serikali. Aliyeshindwa hakupoteza kura wala shamba. Aliambiwa arudi kesho darasani.

Siwadanganyi kwamba tulikuwa peponi. Chama kilikuwa kimoja, na wapo humu ambao nyumba zao zilibomolewa wakati wa Operesheni Vijiji. Moses aliishi katikati ya yote hayo. Ila jambo lile alilomwambia jaji wa Greenwood, kwamba wajibu wa elimu ni wa nchi kabla haujawa wa raia, hapa alilikuta limeandikwa kwenye sera, tena kwa Kiswahili, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mimi naamini lilimsaidia kuona hatua iliyofuata. Hiyo ni imani yangu. Msiniandikie kama historia.

Hoja ya nne: hesabu ni haki ya raia

Alirudi Marekani 1976, akaendelea na masomo yake ya udaktari Harvard, katika falsafa ya hisabati. Mwaka 1982 bintiye mkubwa Maisha alifika darasa la nane, na shule yake mjini Cambridge haikuwa ikifundisha aljebra darasa hilo. Nchini kwao, mtoto asiyeanza aljebra mapema hujikuta nje ya masomo ya sayansi atakapofika chuo. Baba akataka amfundishe nyumbani. Binti akakataa, hakutaka kusoma hesabu mara mbili. (Wazazi mnacheka kwa sababu mnawajua.) Mwalimu wa darasa akamkaribisha Moses aje afundishe pale shuleni. Akaingia, na akaliona jambo alilolijua tangu Mississippi: waliochaguliwa kwa hesabu za juu ni wazungu wa familia zenye uwezo, na walioambiwa hazikuwafaa ni weusi na maskini. Hakuna karani wala katiba ya vifungu 280, ila matokeo yanafanana.

Mwaka huohuo alipata tuzo ya MacArthur, fedha ambayo mtu hupewa aifanyie atakalo. Akaanzisha Mradi wa Aljebra. Dai lake, ambalo yeye na Cobb walilieleza katika kitabu walichokitoa 2001, ni kwamba mkulima asiyejua kusoma alikuwa hana sauti katika uchumi wa pamba, na kijana asiyejua hesabu hana sauti katika uchumi wa kompyuta. Kwa hiyo hesabu si kipaji cha wachache. Ni haki ya kudaiwa kama kura.

Tusimame kidogo kwenye namna alivyofundisha, maana hapo ndipo penye mali yetu. Moses aligundua kwamba watoto wengi waliokuwa wakikwama kwenye namba hasi walikuwa na swali moja tu kichwani kuhusu namba: ngapi? Ukiwa na swali hilo peke yake, 2 toa 5 ni upuuzi. Huwezi kutoa machungwa matano kwenye mawili. Walikosa swali la pili: upande gani? Akawapakia kwenye treni ya mjini Boston. Wakasafiri. Wakarudi wakachora safari yao. Wakaisimulia kwa maneno ya kawaida ya nyumbani. Kisha wakaisimulia tena kwa maneno yaliyochujwa: mahali pa kuanzia, mahali pa kufikia, umbali, uelekeo. Mwisho kabisa ndipo zikaja alama. Sisi walimu, nasema sisi, huanza na alama ubaoni, na wengi wetu huishia hapohapo.

Sasa, jamani, Boston inatushinda nini kwa treni? Ichukueni stesheni ya Uchindile iwe sifuri. Kupanda kuelekea Makambako ni chanya. Kushuka kuelekea Mlimba, Chita na Ifakara ni hasi. Mtu amepanda stesheni mbili, akakumbuka amesahau mzigo, akageuza na kushuka stesheni tano. Yuko wapi? Kila mtoto hapa atakuambia: yuko stesheni ya tatu upande wa Mlimba. Mtoto huyo ameshajumlisha 2 na hasi 5 akapata hasi 3, wala hajashika kalamu. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba alichokisema kwa mdomo ndicho kinachoandikwa ubaoni. Mtoto anayetoka stesheni hasi 3 hadi chanya 4, kabadilika kiasi gani na upande gani? Muulizeni jioni ya leo mkifika nyumbani.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu katika mtihani wa kidato cha nne nchini kwetu, mwaka baada ya mwaka, wanaofaulu Hisabati hawafiki theluthi moja ya wanaoifanya. Tumezoea. Mtoto akisema hesabu si fungu langu, tunaitikia amina. Wazazi wa Mississippi waliambiwa kura si fungu lao, na wapo walioitikia amina hadi alipokuja mtu kuwauliza swali.

Na lile daftari la mwenye shamba, mnadhani liliishia kwenye pamba? Mkulima wa mpunga wa Mngeta anauza lumbesa, gunia lililofungwa kilemba, kwa bei ya gunia la kawaida, na hajawahi kupiga hesabu ya madebe yaliyoko kwenye kile kilemba. Mkulima wa miwa wa Kidatu analipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukari kilichomo kwenye miwa yake. Asilimia ikishuka kidogo na yeye hajui asilimia ni nini, atajadiliana na nani? Na hapa Uchindile tuna jambo zito zaidi. Misitu ya kupandwa ya Uchindile na Mapanda iliwahi kusajiliwa kimataifa kwa ajili ya kuuza hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupimwaje? Mpimaji hupima kipenyo cha shina kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Namba hiyo huingizwa kwenye kanuni ya aljebra inayotoa uzito wa mti mkavu. Karibu nusu ya uzito huo huhesabiwa kuwa kaboni, kisha huzidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12 kupata uzito wa hewa ya ukaa. Hiyo ni hesabu ya kidato cha pili. Lakini ukikaa kwenye mkutano wa kijiji bila mtu hata mmoja anayeifuata, utaambiwa kilichobaki, kama mkulima wa pamba, na utapiga makofi.

Moses hakufanikiwa kila mahali. Shule nyingi za Marekani bado zinawagawa watoto kama zilivyowagawa mwaka 1982. Lakini alipokuwa mtu mzima kabisa alirudi Mississippi, akafundisha katika sekondari ya Lanier mjini Jackson, akisafiri kutoka Cambridge. Na mwaka 1996 vijana waliopitia mradi wake, wakiwemo wanawe, walianzisha chombo chao cha wanafunzi kuwafundisha wanafunzi wenzao hesabu. Yeye akakaa nyuma ya ukumbi, mahali alipopazoea.

Sasa tuseme ya mbele

Tumezungumza na Mkuu wa Shule na walimu wa Hisabati kabla ya kuingia humu. Muhula ujao kutakuwa na darasa la Jumamosi. Wa kidato cha tatu watawafundisha wa kidato cha kwanza, na hao wa kidato cha kwanza watawafundisha wa darasa la sita; mwalimu atakaa pembeni, ataingia anapoitwa. Hatutaanza na kitabu. Tutaanza na safari ya treni, kisha mzani wa mpunga, kisha mti. Ikifika zamu ya mti tutamwomba Mwenyekiti wa Kijiji mkataba wowote wa ardhi au wa misitu ambao wananchi wana haki ya kuuona, tuusome na watoto, namba kwa namba. Mwenyekiti ameitikia kwa kichwa, na mmeona wote. (Kicheko.)

Wazazi naomba jambo moja: leteni stakabadhi. Za mpunga, za miwa, za ujira wa shambani, za mkopo wa kikundi. Futeni majina mkitaka, tuachieni namba. Hayo ndiyo mazoezi yetu.

Na ndugu wa reli, nyinyi ndio tunaowahitaji kwanza. Darasa la safari haliwezi kwenda bila umbali wa kweli kutoka stesheni hadi stesheni, kati ya Ifakara na Makambako, pamoja na mwinuko wa kila stesheni kutoka usawa wa bahari, ili watoto wachore mstari wa kwenda mbele na mstari wa kupanda. Nataka namba zilizoandikwa na watu wanaoijua njia. Aliye na kitabu cha ratiba, hata kile cha zamani, amkabidhi mwalimu wa Hisabati kabla shule hazijafunguliwa. Na aliye tayari kuja Jumamosi ya kwanza kuwaeleza watoto jinsi dereva anavyojua mahali alipo gizani ndani ya handaki, jina lake tuliandike sasa, kabla ya maswali.